Ua Halishoni Nguo



Leo tunataka kuwasimulia habari ya picha. Si picha za harusi, hizo mnazijua kuliko sisi. Ni ile picha moja ya sura, ya kuanzia kifuani kwenda juu, ambayo siku hizi kila mwenye biashara anaambiwa awe nayo: ya kuweka kwenye WhatsApp ya biashara, kwenye Instagram, kwenye kadi, kwenye bango la mlangoni. Kwa wengine ni jambo la nusu saa. Kwetu lilichukua karibu mwaka mzima, na katikati yake tulilia.

Sisi ni wawili. Mkubwa ametokea Unguja, akaletwa huku na ndoa miaka kumi na moja iliyopita. Mdogo ni wifi yake, mzaliwa wa hapa hapa Ganako, wa ukoo wa Warangi waliotoka Kondoa wakaja Karatu kwa biashara. Sote tumeishia kidato cha nne, sote tumesoma kozi ya ushonaji, na tuna cherehani tatu na overloku moja kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Mama ni mama mzazi wa mmoja wetu na mama mkwe wa mwingine, lakini wote tunamwita mama, na wote anatugombeza sawasawa.

Kwa wasiopajua, Ganako ni kata katika Wilaya ya Karatu, mkoa wa Arusha, upande huu wanaopita watalii kwenda lango la Lodoare na Kreta ya Ngorongoro. Udongo ni mwekundu, unaingia mpaka kwenye sindano. Mwezi wa saba ni baridi, asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni mti wa jirani, na sisi tunashona shela la harusi tumevaa masweta. Ukungu huo ukumbukeni, tutaurudia.

Tunashona magauni ya maharusi, abaya, mitandio, na nguo za wasimamizi wa bibi harusi. Oda za hapa ni chache, kwa hiyo tegemeo letu ni simu. Mzigo tunautia kwenye basi mpaka Dar es Salaam, kisha unapanda boti. Na kwenye simu yetu ya biashara, kwa miaka minne, mahali pa picha palikuwa na ua waridi jekundu lenye matone ya maji. Mnalijua. Nyinyi wenyewe wengi mnalo, au mna tasbihi, au ile katuni ya msichana wa hijabu asiye na macho wala mdomo.

Sasa, mwaka juzi akatuandikia bibi harusi mmoja wa Wete, Pemba. Alitaka gauni lake la nikahi, la walima, na nguo za wadogo zake watano. Tukapatana bei, tukapatana rangi, akatuma vipimo. Tulipofika kwenye kishika mkono, nusu ya fedha, akanyamaza siku mbili. Kisha akatuma ujumbe wa sauti, kwa upole kabisa: "Dada zangu, mnisamehe. Mwaka jana nilituma hela kwa mtu wa mtandaoni, akaila, akafunga ukurasa. Naye alikuwa na ua kama lenu. Nionyesheni sura zenu basi, hata moja. Ua halishoni nguo."

Tukatazamana. Hatukuwa na picha ya kumpa. Tulikuwa na picha za sherehe za familia, tumesimama na watoto, mmoja kafumba macho. Tukamtumia picha ya cherehani, akashukuru, akaenda kwa fundi mwingine.

Msidhani hatukuwa na picha kwa kusahau. Tulikuwa tumeshalizungumza jambo hili mara nyingi, na kila mara mama alikuwa akilifunga. Hoja yake ilikuwa fupi: sura ya mwanamke wa heshima haitembei peke yake. Wewe unakaa nyumbani, sura yako iko stendi, iko kwa muuza chipsi, iko kwenye simu ya mtu usiyemjua usiku wa manane.

Mkubwa wetu hakuwa na jibu la haraka, kwa sababu kwao Unguja alikua akisikia maneno hayo hayo. Lakini kwao pia kulikuwa na picha. Bibi yake alikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, aliyopigwa Mji Mkongwe na mumewe alipokuwa mwari mpya, kwenye studio ile ya Capital Art ambayo Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendesha baada yake. Picha ile haikutundikwa ukutani hata siku moja. Ilikaa sandukuni, imefungwa kwenye kanga pamoja na udi, na wajukuu waliruhusiwa kuiona Idi mpaka Idi. Kwa hiyo pwani yetu haijapata kuwa na neno moja tu kuhusu picha. Watu walipiga, tena kwa kujipamba hasa, kisha wakajua nani aone na nani asione.

Kuna mteja wetu mmoja, msomi, aliyekuja huku na mumewe wa mambo ya utalii, alitusimulia kuwa yupo mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, aliyeandika kitabu kizima juu ya kamera katika pwani ya Afrika Mashariki, kikatoka mwaka 2013. Humo ameeleza habari za Omar Said Bakor wa Lamu, aliyekuwa fundi wa kukata na kubandika picha juu ya picha, na pia namna wanawake wa huko walivyokuja kujikinga na kamera ilipokuwa imeingia kila mahali. Tulifurahi kusikia. Tulidhani ubishi huu ni wa sebuleni kwetu peke yake.

Kuhusu hukumu ya dini, sisi ni mafundi nguo, hatutoi fatwa. Tulimwendea ukhti anayetusomesha darsa ya Jumamosi. Akatueleza kuwa masheikh wamekhitalifiana: wapo wanaozichukua hadithi za watengeneza sura kwa ujumla wake, wakaikataza picha ila kwa dharura kama pasipoti na kitambulisho, na wapo wengi wanaosema kamera inazuia kivuli tu kama kioo, hapana kinachoumbwa, hivyo yanayotazamwa ni stara, nia na matumizi. Na juu ya uso wenyewe, akasema, hali ni hiyo hiyo, wapo wanaouhesabu kuwa ni wa kusitiriwa na wapo wasiouhesabu. "Kaeni na mnaowafuata, tena mkae nyinyi wawili mseme. Msiburuzane." Hayo ya mwisho hatukuyasikia vizuri siku ile.

Tulichosikia ni ruhusa. Tukaenda studio moja ya mjini, jina tunaliacha. Kijana mwenye studio alikuwa na taa mbili, kitambaa cheusi nyuma, na maneno mengi. Sisi tulivaa abaya nyeusi na mitandio ya satini, mmoja dhahabu, mmoja fedha, kwa sababu tulidhani picha ya kazi ni kama ya harusi. Akatupiga kama dakika ishirini. Akataka kumshika mdogo wetu kidevu ili amgeuze, mdogo akaruka nyuma kama aliyeguswa na pasi. Mtandio ukateleza. Satini ina tabia hiyo hata kwa anayejua kuivaa. Akacheka, akaendelea kubofya.

Picha zilikuja kwenye simu baada ya siku mbili. Dada zetu, hatukujijua. Nyeusi juu ya nyeusi, miili haipo, vichwa viwili vinaelea gizani. Satini imepigwa na taa ikawaka kama bati jipya. Na ngozi! Ametusugua kwenye programu mpaka tukawa rangi ya chai ya maziwa mengi, kovu la mkubwa wetu la paji la uso, alilolipata utotoni kwa kuanguka kwenye mwembe, limefutwa, pua zimepunguzwa. Tulikuwa tunataka sura ili watu watuamini, tukapewa sura za watu wengine.

Hapa tuseme kidogo, maana linatuuma. Kupaushwa huku si kosa la kijana yule peke yake. Zamani za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipa maabara za kusafisha picha kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, wakaiita Shirley, na mashine zikapimwa rangi kwa ngozi ile. Mtu mweusi akitoka kama kivuli chenye meno, basi. Inasemekana mambo yalianza kurekebishwa pale watengeneza chokoleti na fanicha za mbao walipolalamika kuwa bidhaa zao hazionekani vizuri. Leo kamera inaweza kututoa tulivyo, lakini mkono wa anayehariri bado unakwenda kulekule. Na kwa Muislamu lipo na lile la kugeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu, ambalo hatukuwahi kulifikiria kwenye picha mpaka tulipojiona.

Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuja Alhamisi jioni. Kaka yake mdogo wetu alikuwa kwenye kijiwe cha bodaboda, akaonyeshwa simu. Kijana wa studio ametuweka kwenye ukurasa wake kutangaza kazi. Na katika picha alizochagua, moja ilikuwa ile ya mtandio ulioteleza, shingo na nywele za mbele ziko wazi, mdogo wetu mdomo wazi kwa mshtuko. Chini watu wameandika wanavyojua kuandika.

Tulimpigia simu, akasema ni ya kawaida, wateja wote anawaweka. Tukaomba aitoe, akasema kesho. Mdogo wetu aliingia chumbani akafunga mlango. Na yeye wakati ule alikuwa ana mtu aliyeleta barua ya posa.

Mama hakusema "niliwaambia". Hili tutamshukuru mpaka kaburini. Asubuhi ya Ijumaa alivaa baibui lake, akachukua fimbo, akapanda bajaji kwenda mjini, akaingia studio, akakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha. Wateja wakija anawaambia, "Subirini, mwanangu huyu ana kazi yangu kidogo." Alikaa mpaka picha zote zikatolewa ukurasani, kisha kwenye simu, kisha kwenye kompyuta, na kila moja alitaka aonyeshwa ikifutwa. Aliporudi alisema tu kuwa chai ya mjini siku hizi ni maji.

Baadaye tulikuja kujua kuwa hata serikalini tungekuwa na pa kusemea. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ipo tume yake. Picha inayokutambulisha ni taarifa yako. Mtu hawezi kuitumia anavyopenda kwa sababu tu ndiye aliyebofya. Tulipokuwa tunalia hatukuyajua hayo.

Ilipita miezi mitano hatukutaja picha. Ua likarudi mahali pake. Oda zikaendelea kupukutika kwenye kipengele kilekile cha kishika mkono, na safari hii tukawa tunawaelewa. Sisi wenyewe tungeweza kumtumia nusu ya fedha ya harusi mtu aliyejificha nyuma ya ua? Hapana.

Aliyelifungua tena ni mdogo wetu mwenyewe. Alikuja na msimamo wake, ameshaufikiri: yeye sura yake haitatoka. Si kwa kuogopa mchumba, mchumba alikuwa ameshasema hana neno, na ndoa ilikuwa inakuja. Ni kwamba siku ile ya Alhamisi alijiona kwenye simu za watu na moyo wake ukakataa. "Wewe toa sura yako kama moyo wako umeridhika," alimwambia mkubwa, "mimi nitatoa mikono yangu." Mkubwa alinuna, tusifiche. Aliona anaachiwa mzigo peke yake, biashara ya wawili na uso wa mmoja. Walishona siku nzima bila kusemeshana, na mnajua cherehani mbili katika chumba kimoja zinavyopiga kelele watu wakinuniana. Usiku mkubwa akakumbuka maneno ya ukhti ya kutoburuzana.

Safari hii tulimtafuta mwanamke. Yupo binti wa Arusha anayepiga upande wa wanawake kwenye harusi za Kiislamu, ana kamera yake na adabu zake. Tulimwita nyumbani, na kabla hajatoa kamera tuliandika karatasi ya daftari, kila mtu akatia saini: picha atakazobaki nazo ni zile tulizochagua tu, nyingine atazifuta mbele yetu kabla ya kuondoka, hatoweka hata moja popote bila kutuuliza kwa kila moja, hatabadilisha rangi ya ngozi wala umbo la uso, na zile faili kubwa anatukabidhi sisi. Hakukasirika. Alisema angependa wateja wote waje na karatasi. Nanyi maharusi, fanyeni hivyo kabla ya harusi. Msione haya. Haya ya dakika tano ni ndogo.

Yaliyobaki yalikuwa ufundi, na hapo ndipo tulipogundua kuwa fundi nguo anajua nusu ya kazi ya picha bila kujijua. Satini na hariri inayong'aa hazifai mbele ya taa. Tulichukua krepu, haing'ai na inakaa pale ulipoibana. Nyeupe tupu juu ya ngozi nyeusi inaidanganya kamera, inapunguza mwanga na uso unaingia giza. Nyeusi tupu nayo inameza mikunjo yote. Tukachagua kijani cha mgomba mkavu kidogo kwa mtandio na abaya ya rangi ya kahawa. Mistari myembamba tuliiacha, kwenye skrini inachezacheza. Ndani kofia ya pamba, pini mbili chini ya kidevu na moja begani, na tukautingisha kichwa kama tunakataa jambo, kuona kama kitateleza kitu. Hakikuteleza.

Halafu mwanga. Binti alikuja jioni akalala kwetu, akatuamsha mapema. Saa mbili asubuhi, Julai, ukungu umeshuka mpaka dirishani. Akasema watu wa mjini wananunua vitambaa na masanduku ya gharama kupata mwanga ule, nasi tunaulalamikia kila siku. Ukungu unachuja jua lisikatekate uso. Mchana wa jua kali macho yanakuwa mashimo. Akamweka mkubwa wetu pembeni ya dirisha, upande wenye giza mdogo akashika kipande cha tetroni nyeupe tulichokuwa tumekikata kwa ajili ya bitana, kikarudisha mwanga kwenye shavu. Nyuma ni ukuta wetu wa chokaa. Akasimama mbali, kama hatua tatu, akavuta kwa lenzi, kwa sababu ukimsogelea mtu sana pua inakua na masikio yanakimbia. Wenye simu nanyi fanyeni hivyo: rudi nyuma, kisha kata picha.

Mkubwa hakuweza kutabasamu. Kila akitazama lenzi anaona kijiwe cha bodaboda. Mama alikuwa mlangoni na kikombe, akasema, "Mtazame kama anakudai gauni lake na wewe umeshalimaliza." Ndiyo hiyo picha mnayoiona kwetu sasa. Kovu lipo.

Kisha ikapigwa ya pili, ya mdogo wetu: mikono miwili juu ya kitambaa cheupe, mmoja umevaa kastabini, futi ya kupimia imezunguka kifundo, hina ya harusi yake haijapauka. Hakuna uso. Maharusi wanatuandikia kuhusu picha ile zaidi kuliko ile ya uso.

Tulimtumia zote mbili yule bibi harusi wa Wete. Alikuwa ameshaolewa zamani, ana ujauzito. Akajibu, "Maashaallah, sasa nimewaona. Kumbe mna makovu kama sisi." Baada ya wiki tatu shemeji yake alituma kishika mkono, bila swali, nguo nne.

Tusiseme kuwa kila kitu kimenyooka. Wapo jamaa upande mmoja wa ukoo mpaka leo hawajafurahi, na mmoja aliacha kuleta nguo zake. Na kila mkubwa wetu akipita sokoni Karatu, muuza nyanya akimwita "fundi wa kwenye simu", roho inashtuka kidogo kabla haijatulia.

Mama, siku binti alipokuwa anafunga begi lake, alimuuliza kama kamera ina chaji. Akaingia ndani, akatoka na kanga mpya na kofia ya ndani, amepaka wanja. Alikaa dirishani, ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Akapigwa mbili tu. Tulizisafisha Arusha kwenye karatasi, si kwenye simu, kwa amri yake, na ziko sandukuni mwake zimefungwa kwenye kanga. Tumeziona mara moja, Idi iliyopita.